Kawia Ufike: Furaha ya Sikukuu Haingoji Ukamilifu

Mwezi wa Desemba ni mwezi wa safari kwa watu wa ziwa hili. Mfanyakazi wa kiwandani, mwanafunzi wa chuo, mama mwenye meza ya dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba, na kijana aliyepanga chumba Pasiansi, wote huwaza jambo moja: kufika nyumbani Ukerewe, Ukara, Irugwa, Kome au Maisome kabla kengele za Krismasi hazijalia. Waliobaki visiwani nao hutayarisha nyumba kwa ajili ya wageni wao. Na kila mwaka sikukuu huwakuta watu mambo yao hayajakamilika. Huyu amekosa nafasi melini. Yule ameahidiwa malipo ambayo hayajafika. Wa tatu amefika kijijini akakuta mvua za vuli zimeubomoa ukuta wa jiko. Mchele umepanda bei, nguo za watoto hazijanunuliwa, na madaftari na sare za Januari zimekwisha simama mlangoni zikibisha hodi.

Katika hali hiyo watu wetu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hununa. Kwao sikukuu iliyopungukiwa imekwisha haribika, hivyo hukaa kando wakihesabu kilichokosekana na kuwanyima hata watoto wao kicheko. Kundi la pili hulazimisha. Hawa hukopa wasichoweza kulipa, na hujazana katika chombo kilichokwisha jaa, ili mradi sikukuu iwe kama walivyoiota. Makundi haya huonekana tofauti, lakini imani yao ni moja, kwamba furaha huja baada ya kila kitu kukamilika. Sisi tunaona kwamba imani hiyo ni potofu na ina hatari. Furaha ya sikukuu ni uamuzi anaoufanya mtu mwenye akili timamu huku akijua vizuri ni kitu gani kimepungua mezani.

Tukitazama nyuma tutaona kwamba sikukuu kamili haijapata kuwako. Wazee wa Mwanza wanaikumbuka Krismasi ya 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameivamia Kagera, na vijana wetu walikuwa wamekwenda vitani. Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, iliukosa mji wa Mwanza, na shambulio lake likaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua wanyama waliohifadhiwa pale. Kampala ilitekwa Aprili 11, na Pasaka ya mwaka ule ikawa Aprili 15. Watu waliisherehekea huku wakiwa hawajui ni nani atarudi na ni nani hatarudi.

Baada ya vita Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wajifunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita na shida ikabaki. Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa miaka ya foleni: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya khanga na foleni ya mafuta ya taa. Watu walipika ugali wa unga wa njano ulioletwa kutoka ng'ambo, nao wakaupachika jina la mzaha wakauita yanga. Katika mzaha huo mna funzo. Watu wale hawakujidanganya kwamba unga ule ulikuwa mtamu. Walijua walichokikosa, lakini walikataa kuipa dhiki mamlaka ya kutawala nyumba zao siku ya sikukuu. Aliyepata kilo ya sukari alimgawia jirani kikombe, na chai ikanywewa katika nyumba mbili.

Mfano mwingine tunao hapa ziwani, na ndugu zetu wa visiwani wanaujua kuliko sisi. Dagaa huvuliwa katika usiku wa giza kwa kutumia taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua. Mwezi unapopevuka, nuru ya taa hupoteza nguvu ya kuwakusanya dagaa, nao wavuvi hupumzika siku kadhaa. Mwezi haufuati kalenda ya sikukuu za binadamu. Mwaka 2015 ulipevuka siku ya Krismasi yenyewe, na mwaka 2023 ulipevuka siku mbili baada yake. Katika miaka ya namna hiyo kambi za dagaa hukosa fedha wakati ule ule fedha zinapohitajika. Mvuvi mwenye busara hafanyi kazi ya kuulaani mwezi. Hushona nyavu, hukalafati mtumbwi, huenda kuwasalimu wakwe, na jioni huketi na wanawe katika mbalamwezi ambayo ingekuwa hasara tupu kama angeitazama kwa jicho la biashara peke yake. Anajua kwamba giza litarudi, na kazi itarudi pamoja nalo. Huyo ndiye mtu aliyeichagua furaha, na hakuna anayeweza kusema kwamba hajui hesabu.

Ubaya wa kuilazimisha sikukuu iwe kamili, katika nchi ya maji kama yetu, ni kwamba unaweza kulipwa kwa roho za watu. Hatupendi kutonesha vidonda, lakini gazeti ambalo halikumbushi halitimizi wajibu wake. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba, iliyoruhusiwa kuchukua abiria 430, ilizama ikiwa imekwisha karibia bandari ya Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha. Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, siku chache tu baada ya Idd el Fitr, ikiwa imejaa watu waliokuwa wakirejea makwao kutoka katika sikukuu. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichotengenezwa kwa watu 101, kilipinduka kilipokuwa kinakaribia gati la Bwisya, Ukara, kikitoka Bugolora siku ya gulio. Walikufa watu 228, na waliookolewa walikuwa 41.

Ajali moja tu kati ya hizo tatu ilihusu majira ya sikukuu, lakini zote zinafanana kwa jambo moja: watu walikuwa wengi kuliko uwezo wa chombo. Na Desemba ndio mwezi ambao kila abiria ana sababu nzuri ya kuomba asiachwe nyuma. Mama anamfuata mgonjwa. Kijana hajawaona wazazi wake kwa miaka miwili. Baba amebeba mchele na nguo za watoto, na watoto wanamngoja ufukweni. Sababu hizo zote ni za kweli, wala maji hayazijui. Kwa hiyo twawaomba ndugu zetu wasafiri walikumbuke neno la wahenga lisemalo, Kawia ufike. Atakayefika tarehe 27 amefika. Pilau ya tarehe 27 haina ladha pungufu kuliko ya tarehe 25, na mtoto aliyempokea baba yake siku mbili baada ya sikukuu amepata sikukuu yake. Familia yenye busara hukubaliana mapema kwamba siku kubwa ya nyumbani kwao itakuwa siku ile watakayokusanyika wote, hata kalenda ikisema nini.

Hata hivyo, tutakuwa tumewadhulumu wananchi kama tutaishia hapo. Abiria hana orodha ya majina mkononi, hana cheo cha kuzuia chombo kisiondoke, wala hajui injini ilikaguliwa lini. Mambo hayo yamo mikononi mwa watu waliokabidhiwa. Katika MV Bukoba hapakuwa na orodha ya abiria wa daraja la tatu, yaani wale waliolipa nauli ndogo hawakuandikwa popote, na baadaye jamaa zao walitafuta majina yasiyokuwapo. Mtu kumwambia mwananchi achangamke, na huku yeye mwenyewe hajamhesabu, ni dhihaka.

Kwa sababu hiyo tunawaeleza maofisa wa Serikali waziwazi kwamba furaha ni uamuzi wa mwananchi, lakini usalama ni wajibu wao. Vyombo vikaguliwe kabla ya pilikapilika za Desemba kuanza, ili kasoro ionekane wakati bado kuna nafasi ya kuirekebisha. Ratiba za safari za nyongeza zitangazwe mapema, redioni, katika mialo na katika ofisi za vijiji, kwani mtu anayejua kwamba kesho asubuhi kuna chombo hatakuwa na sababu ya kung'ang'ania kile cha leo usiku. Abiria wote waandikwe, pamoja na watoto wachanga walio migongoni mwa mama zao. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zifike kwa wenye mitumbwi pia, wala zisiishie kwenye meza za wakubwa, kwa kuwa upepo wa ziwani hubadilika ghafla na mtumbwi ndio unaoumia kwanza. Na tarehe 23 na 24 Desemba, ofisa mwenye mamlaka ya kusema hapana awepo yeye mwenyewe gatini, wala asimwachie kazi hiyo kijana wa kukata tiketi ambaye hawezi kubishana na umati.

Tunajua kwamba kazi hiyo inawezekana, kwa sababu Serikali imekwisha onyesha inachoweza kufanya. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 na ushei, lilifunguliwa Juni 19, 2025, na wasafiri ambao walikuwa wakisubiri kivuko kwa muda mrefu sasa wanavuka kwa dakika chache. Ukara haiwezi kujengewa daraja la namna hiyo, na hakuna anayelidai. Kinachodaiwa kwa ajili ya Ukara ni kidogo zaidi na ni cha haki zaidi: chombo kizima, abiria waliohesabiwa, na nahodha asiyeshurutishwa na mtu yeyote kung'oa nanga.

Hapa tunapenda kutoa tahadhari juu ya neno subira. Neno hili ni zuri linapotoka katika kinywa cha mwenye shida, lakini likitoka katika kinywa cha mwenye wajibu hugeuka kuwa kisingizio. Wana Ukerewe hawahitaji kufundishwa subira. Mzee Aniceti Kitereza, mwana wa kisiwa hicho, alimaliza mwaka 1945 kukiandika kwa Kikerewe kitabu chake kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, akangoja, na kitabu kikachapishwa mwaka 1980. Mwaka 1981 alifariki dunia. Miaka 35 ni umri wa mtu mzima. Kitereza anastahili sifa kwa kutovunjika moyo miaka yote hiyo, lakini ucheleweshaji wenyewe haumpi sifa mtu yeyote. Ndivyo ilivyo kwa abiria anayeketi juu ya mzigo wake gatini kutwa nzima na bado akapata neno la kuwachekesha wenzake. Ucheshi wake ni mali yake. Kiongozi asiuhesabu kuwa ni ushahidi kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Viongozi wetu nao wamepata kuonyesha kwamba siku kubwa haipungui heshima kwa kukosa mbwembwe. Desemba 9, 2015, sherehe za Uhuru hazikuwa na gwaride. Wananchi waliambiwa washike mafagio na majembe wasafishe mazingira, kwani kipindupindu kilikuwa nchini. Mwaka 2022 fedha za sherehe hizo zilielekezwa katika ujenzi wa mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Ikiwa Taifa zima linaweza kuadhimisha siku yake bila gwaride, basi kaya moja ya Nansio inaweza kuadhimisha Krismasi bila ng'ombe.

Lakini ziko sikukuu ambazo hupungukiwa na kitu kisichonunuliwa. Mwaka 2025 sherehe za Desemba 9 hazikufanyika pia, na sababu yake ilikuwa nzito zaidi: nchi ilikuwa imetoka katika vurugu na vifo vya siku za uchaguzi wa Oktoba 29. Kwa nyumba zilizopoteza mtu wakati ule, kama kwa nyumba za Ukara zilizopoteza watu mwaka 2018, hatuna haki ya kusema, Changamkeni. Furaha haiamrishwi, na mfiwa hadaiwi kicheko. Tunaloweza kuomba ni kwa majirani: wasimwache mfiwa peke yake kwa kuogopa kuiharibu sherehe. Sahani moja ipelekwe kwake, mtu mmoja aketi naye, na kama atalia, alie akiwa na watu. Jamii inayoijua furaha ya kweli hutambulikana kwa jinsi inavyompa nafasi aliye na huzuni.

Kuna pia wenzetu ambao sikukuu yao hupunguzwa na kazi, ili ya kwetu ikamilike. Wauguzi wa Bugando watakesha wodini. Mabaharia watakula chakula chao cha Krismasi katikati ya maji. Askari wa wanyamapori, ambao wengi wao wamepita katika chuo kilichopo hapa Pasiansi tangu 1966, watakuwa porini mbali na jamaa zao. Hawa hawakuulizwa kama wangependa sikukuu ya namna hiyo. Wengi wao, hata hivyo, huifanya kazi yao kwa uso mkunjufu, na uso huo ni zawadi kwa mgonjwa na kwa msafiri. Anayelalamika kwa sababu soda imekwisha dukani angefanya vema kuwafikiria.

Kwa mwenye nyumba tunayo mashauri machache. Ahesabu alichonacho kabla ya kupanga karamu, kwa maana deni la sikukuu hulipwa Januari, na hulipwa na mtoto anayekwenda shule bila daftari. Awaambie watoto ukweli kwa upole. Mtoto aliyeambiwa kwamba mwaka huu hakuna viatu vipya, kisha akaimba na kucheza na wazazi wake, ataukumbuka wimbo baada ya kuvisahau viatu. Aombe radhi pale ambapo mwaka umeacha ugomvi, kwani suluhu haina bei na hakuna karamu inayoishinda. Na ampigie simu yule aliyekosa chombo, amwambie kwamba sehemu yake imewekwa, ili asione kwamba kuchelewa kwake ni kosa na akashawishika kupanda kitu kisichofaa.

Jina la Pasiansi hufanana masikioni na neno ambalo Waingereza na Wafaransa hulitumia kwa maana ya subira. Ni jina linalofaa kwa mahali ambapo watu wa visiwani hupumzika kwa jamaa zao wakingojea safari ya kesho. Tungependa jina hilo lisomwe kwa namna mbili. Kwa msafiri limwambie kwamba siku moja ya kungoja haijamnyang'anya sikukuu. Kwa ofisa limkumbushe kwamba kila siku ya kungoja ina mtu aliyeketi juu ya mzigo wake, na mtu huyo anastahili kujua ni saa ngapi atasafiri na kwamba atafika.

Tunawatakia ndugu zetu wote wa visiwani na wa nchi kavu sikukuu yenye furaha, pamoja na mapungufu yake yote. Wenye vyombo wasijaze, wenye mamlaka wasilale, na wasafiri wasisukumane. Pilau itangoja.